Woolmers na Brickendon: Ukoo wa Archer na Wafungwa Waliowajengea

Kando ya mto Macquarie, karibu na mji wa Longford kaskazini mwa kisiwa cha Tasmania, yapo mashamba mawili ya ukoo mmoja. Woolmers lilianzishwa na Thomas Archer mwaka 1817, na Brickendon likafuata mwaka 1824 chini ya ndugu yake William. Mwaka 2010 UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia kama eneo moja kati ya 11 yanayohifadhi kumbukumbu za wafungwa waliohamishiwa Australia. Habari za ukoo huu husimuliwa mara nyingi kama habari za bidii: karani wa bohari za serikali alitoka Sydney, akapewa ardhi, ndugu zake wakamfuata, na nyumba ikarithiwa hadi kwa Thomas Archer wa sita, aliyefariki mwaka 1994. Hayo ni kweli, ila yanaruka jambo lililowezesha mengine yote. Serikali iliwapa walowezi hawa ardhi bila malipo, kisha ikawapa na watu wa kuilima bila mshahara. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba Woolmers na Brickendon ni zao la sera ya dola kwanza, na la jitihada za familia baadaye.

Ushahidi wa kwanza umo katika kanuni za ugawaji zenyewe. Katika miaka ya 1820 mlowezi huru aliyefika Van Diemen's Land, kama kisiwa kilivyoitwa wakati huo, aligawiwa ardhi kwa kadiri ya mtaji aliokuja nao, kwa kipimo cha ekari 640 kwa kila pauni 500. Utaratibu huo wa ardhi ya bure ulisimamishwa mwaka 1831. Mwenye ardhi aliomba wafungwa, na serikali, iliyotaka kupunguza gharama za kuwalisha, ilimkabidhi. Kati ya 1803 na 1853 kisiwa kilipokea wafungwa zaidi ya 70,000, wengi wao wakiwa wamehukumiwa kwa wizi. Basi mwenye fedha alipata ardhi, mwenye ardhi akapata watu, na asiyekuwa na mtaji hakupata ardhi wala watu. Sifa ya bidii haiwezi kueleza tofauti hiyo, kwa maana hata wafungwa walikuwa na bidii, tena ya kulazimishwa.

Kazi yao bado inaonekana. Banda la kukatia manyoya ya kondoo la Woolmers, maghala ya nafaka ya Brickendon, kiwanda cha mhunzi, tanuri la mikate na kikanisa ni majengo ya shamba lililojitosheleza kama kijiji. Wanaume walifyatua matofali, walifua chuma, walisindika ngozi, walilima na kuchunga. Wanawake walipika, walifua na kulea watoto wa nyumba kuu. Ujira wao ulikuwa posho: kwa juma zaidi ya ratili 10 za nyama na kiasi hichohicho cha unga, pamoja na sukari, chumvi na sabuni kidogo, juu yake nguo na matandiko. Wanyapara waliwasimamia. Aliyekuwa mvivu, mlevi, mtoro au mwenye kujibu kwa ufidhuli alipelekwa kwa hakimu, na adhabu ilikuwa mijeledi, kifungo cha peke yake au kazi za minyororo barabarani. Mwanamke aliyeshika mimba alirudishwa kwenye gereza la wanawake, na mtoto wake akatengwa naye katika malezi ambamo vichanga wengi walikufa. Sehemu hii ya habari ndiyo inayosahaulika upesi zaidi, kwa kuwa kazi za ndani haziachi jengo la kupigwa picha.

Yupo atakayesema kwamba hawa walikuwa wahalifu, na kwamba kulinganisha hali yao na utumwa ni kuwadhulumu watumwa wa kweli. Nusu ya pingamizi hii naikubali. Mfungwa alikuwa na hukumu yenye mwisho, miaka 7, 14 au maisha. Aliyehukumiwa miaka 7 aliweza kupata cheti cha ruhusa baada ya miaka 4 ya mwenendo mwema, akajitafutia kazi mwenyewe. Mtoto wake alizaliwa huru, ilhali mtoto wa mtumwa katika mashamba ya miwa ya Jamaica alizaliwa mali ya mtu. Tofauti hizo ni kubwa. Lakini aliyeuona mfanano kwa uwazi zaidi hakuwa mpinzani wa mfumo. Gavana George Arthur, aliyeuendesha kuanzia 1824 hadi 1836, aliandika kwamba hali ya mfungwa aliyekabidhiwa kwa bwana haikupishana na ya mtumwa, isipokuwa kwamba bwana hakuweza kumpiga kwa mkono wake mwenyewe na alimmiliki kwa muda tu. Arthur alisema hivyo akiutetea ukali wa adhabu hiyo. Kamati ya Bunge la Uingereza chini ya William Molesworth ilichunguza jambo hili mwaka 1837 na 1838 na kulishutumu, na ugawaji wa wafungwa kwa watu binafsi ukaanza kufutwa. Tukumbuke kwamba Uingereza ilikuwa imepitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833. Kuhusu haki ya kulalamika kwa hakimu, Thomas Archer mwenyewe alikuwa hakimu, na walowezi wenzake wakubwa walishika nafasi hizo. Mfungwa alimshtaki bwana mmoja mbele ya bwana mwingine.

Wengine hujibu kwamba wafungwa wengi waliishia kuwa na maisha mema kuliko waliyoyaacha Uingereza na Ireland. Ni kweli kwa baadhi yao, na sifa hiyo ni yao. Waliinuka baada ya kifungo, kwa mikono yao wenyewe, na mashamba ya mabwana yakabaki na mabwana. Wala ardhi yenyewe haikuwa tupu. Ilikuwa nchi ya watu wa asili wa kisiwa hicho, na mwaka 1830 serikali ilipopanga mstari wa watu wapatao 2,200 kuwasaka, wafungwa pia waliwekwa katika mstari huo. Waliodhulumiwa walitumiwa kuwafukuza waliodhulumiwa zaidi, na historia ya Woolmers isiyotaja hilo ina pengo ambalo hakuna ukarabati wa nyumba utakaoliziba.

Nyumba kuu, iliyopanuliwa katika miaka ya 1840 kwa mchoro wa William, mwana wa Thomas, imehifadhiwa na samani za ukoo. Bweni la wafungwa la Brickendon halisimami tena. Hata hivyo, makarani wa Arthur waliandika karibu kila kitu juu ya watu wale: jina, kimo, alama za mwilini, kosa na kila adhabu. Daftari hizo ziko Hobart, na tangu 2007 zimo katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu za Dunia. Wanaoandika historia ya mashamba haya waanzie humo, na waandike majina ya waashi, wahunzi na wapishi mahali palepale yalipoandikwa majina ya akina Archer.