Chai ya Lupembe na njia mbili za jina lake

Ukitoka Njombe mjini kuelekea mashariki, barabara ya Lupembe inapanda na kushuka vilima mpaka mashamba ya chai yanapotanda pande zote mbili. Mchumaji anachuma majani mawili machanga na chipukizi lake, kiganja kikijaa anatupia kapuni mgongoni. Shambani na kwenye mizani mmea huu ni chai tu. Ukishanyaushwa, kusagwa na kukaushwa kiwandani, ukaandaliwa kwa soko la nje, unaitwa kwa Kiingereza "tea". Maneno haya mawili yanaonekana hayana uhusiano, kumbe yamezaliwa pamoja.

Wachina wana alama moja ya kuandika jina la mmea huu, ila kila jimbo hulitamka kivyake. Kaskazini, na kusini huko Guangdong, husema "cha". Pwani ya Fujian, kwenye bandari ya Xiamen, husema "te". Jina ambalo kila taifa lilipata lilitegemea lilinunua chai kwa nani.

"Cha" ilisafiri kwa misafara ya nchi kavu hadi Uajemi, ambako ikawa "chay", kisha ikaenea Uturuki, Urusi na India. Waarabu, kwa kuwa lugha yao fasaha haina sauti ya "ch", wakasema "shai". Kwa hiyo chai yetu ina sura ya Kiajemi na Kihindi zaidi kuliko ya Kiarabu, jambo lisiloshangaza kwa pwani iliyofanya biashara na Bahari ya Hindi nzima.

"Te" ilipanda meli za Waholanzi. Karne ya 17 walinunua chai kwa wafanyabiashara wa Fujian na kuieneza Ulaya. Ndipo Wafaransa, Wajerumani na Waingereza wakapata majina yanayofanana. Lakini Wareno, waliokuwa wamekaa Macau, kando ya Guangdong, tangu 1557, wakabaki na "chá" hadi leo. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali mjini London, aliandika katika shajara yake Septemba 25, 1660 kwamba siku hiyo alikunywa kinywaji hicho cha Kichina kwa mara ya kwanza. Miaka miwili baadaye mfalme Charles II alimwoa Catherine wa Braganza, binti mfalme wa Ureno aliyependa chai sana. Catherine alieneza unywaji wake katika jumba la kifalme, lakini neno la kwao halikushika. Waingereza wengi waliendelea kutamka "tei" mpaka karne ya 18, ndipo "tii" ikatawala.

Mti wenyewe ulichelewa kufika kwetu. Wajerumani waliujaribu Amani, milimani Usambara, na Rungwe mwanzoni mwa karne ya 20. Kilimo cha biashara kilishika kasi chini ya Waingereza kuanzia miaka ya 1920. Wakati huo Kiswahili cha pwani kilikuwa na neno lake tayari, na mabwana wa mashamba hawakuweza kulibadilisha. Nalifurahia jambo hilo.

Kwenye matumizi, lugha hizi mbili zimefanana bila kuambiana. Kaskazini mwa Uingereza "tea" ni mlo wa jioni. Kwetu, anayekuuliza asubuhi kama umekunywa chai anauliza pia habari za maandazi na viazi. Vijana wakisema "hiyo chai" wanamaanisha porojo. Ila kuiita rushwa "chai" kunaniuma: zao hili ni ada ya shule ya watoto wengi wa Lupembe.

Siku hizi migahawa ya Uingereza na Marekani inauza "chai tea", yaani chai ya maziwa na viungo kwa mtindo wa India. Anayeiagiza anataja kitu kilekile mara mbili, kwanza kwa matamshi ya msafara, kisha kwa matamshi ya meli. Nasi tumekopa kwao: Mombasa chai isiyo na maziwa huitwa turungi, neno lililotokana na "strong" la Kiingereza.