Kazi ya Mungu Katika Nyota na Katika Tone la Maji

Mtu akiugua ghafula kijijini, wako wanaouliza mara moja, "Nani aliyemroga?" Hata sisi Wakristo, tukiisha kutoka kanisani, pengine twauliza hivyo kwa sauti ya chini. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji habari za watu wawili wa zamani, walioamini ya kuwa Mungu ameviumba vitu vyote kwa utaratibu, ili tuone imani hiyo ilizaa matunda gani.

Wa kwanza ni Johannes Kepler, Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1571. Alisoma Tübingen akikusudia kuwa mchungaji, lakini mwaka 1594 alipelekwa Graz kuwa mwalimu wa hesabu. Mwanzo alihuzunika, baadaye akatambua ya kuwa hata mtu azichunguzaye nyota aweza kumtukuza Mungu. Mwaka 1600 alikwenda Prague kwa Tycho Brahe, aliyekuwa amezipima nyota miaka mingi kwa macho matupu, maana darubini ilikuwa haijapatikana. Tycho alikufa mwaka uliofuata, na vipimo vyake vikabaki mikononi mwa Kepler.

Basi Kepler akaanza kuitafuta njia ya Mirihi angani. Wataalamu wa kale walifundisha ya kuwa mienendo ya sayari ni ya duara kamili. Kepler alipopiga hesabu kwa duara, aliona tofauti ndogo kati ya hesabu yake na vipimo vya Tycho, yapata robo ya upana wa mwezi mpevu uonekanavyo mbinguni. Mwingine angalisema, "Yatosha." Kepler hakuridhika. Alikuwa na hakika ya kuwa Muumba hakosei vipimo vyake. Kama kuna kosa, ni la mwanadamu. Akaianza kazi upya, hata akagundua ya kuwa njia ya Mirihi ni duaradufu, yaani kama duara iliyovutwa kidogo pande mbili. Habari hiyo aliichapisha mwaka 1609, na tangu siku hizo elimu ya nyota ikapata msingi mpya.

Lakini msiba ulikuwa unamngojea nyumbani kwao. Mwaka 1615, katika mji wa Leonberg, mwanamke mmoja alimshtaki Katharina, mama yake Kepler, akisema alimpa kinywaji chungu cha uchawi, naye akaugua. Neno likaenea, na majirani wengine wakaanza kukumbuka maradhi yao na ya mifugo yao, wakamtwika yeye yote. Mwaka 1620 bibi kizee huyo alikamatwa, akakaa kifungoni miezi 14. Mwanawe aliacha shughuli zake, akasafiri kwenda kumtetea. Alilishika shtaka moja baada ya jingine, akaonyesha ya kuwa magonjwa yale yalikuwa na sababu za kawaida. Mama alionyeshwa vyombo vya mateso ili akiri, asikiri. Mwaka 1621 aliachiliwa, na mwaka uliofuata akafariki.

Twaona hapa ya kuwa moyo ulioitafuta kweli mbinguni ndio uliomwokoa mama gerezani. Aliyekataa kuridhika na kosa dogo katika njia ya nyota hakuweza kuridhika na uvumi juu ya mwanadamu.

Wa pili ni Antonie van Leeuwenhoek, wa mji wa Delft, Uholanzi, aliyezaliwa mwaka 1632. Alikuwa mwuza nguo, hakusoma chuo kikuu, wala hakujua Kilatini, lugha ya wataalamu wa siku zile. Lakini alikuwa fundi wa kusugua lenzi ndogo, akajitengenezea hadubini. Mwaka 1676 aliwaandikia wataalamu wa London ya kuwa ameona katika maji viumbe hai wadogo mno, wasioonekana kwa jicho tupu. Wengine walishuka moyo kumwamini. Lakini mwaka 1677 Robert Hooke aliwaonyesha viumbe hao, nao wakasadiki.

Watu wa zamani walidhani ya kuwa fukusi huzaliwa na nafaka yenyewe. Leeuwenhoek alichunguza, akaona ya kuwa fukusi naye hutoka katika yai, kama kifaranga. Kwake yeye jambo hili lilikuwa sifa kwa Mungu: hata mdudu anayedharauliwa ghalani ana mzazi, ana viungo kamili, na hakutokea ovyo.

Kazi hiyo haikukoma. Mwaka 1880 Alphonse Laveran, daktari Mfaransa aliyekuwa Algeria, aliona vijidudu vya malaria katika damu ya mgonjwa. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad, India, daktari Ronald Ross alivikuta katika tumbo la mbu. Ndivyo ilivyoanza kujulikana njia ya homa ile iliyowaua watoto wetu wengi, nasi tukawasingizia shangazi na bibi zetu.

Labda msomaji atatuuliza, "Je, kijidudu cha malaria nacho ni kazi ya Mungu?" Swali hili ni zito, na hatuna jibu jepesi. Ayubu naye aliuliza juu ya msiba wake, akaonyeshwa ukuu wa uumbaji, asielezwe sababu. Lakini twajua neno moja: kijidudu hicho nacho kina kanuni yake, na chenye kanuni chaweza kuchunguzwa na kuzuiwa.

Basi, ndugu zetu, tukimsifu Mungu kwa ajili ya nyota, tusimsahau usiku mtoto anapotetemeka kwa homa. Tumpeleke zahanati damu yake ipimwe, tutundike chandarua, na yule bibi kizee wa jirani tumwache alale kwa amani.