Sauti ya Kati: Kutoka Sahani za Vugiri hadi Vibanda vya Kalerwe

Msafiri atokaye katikati ya Kampala kwa barabara iendayo Gayaza, akiisha kuipita Mulago, huisikia Kalerwe kabla hajaiona. Soko lake ni kubwa. Malori ya matoke na kabeji hushusha mizigo tangu alfajiri, na juu ya makelele ya wachuuzi zipo spika za maduka, kila moja ikishindana na jirani yake. Humo humo, nyuma ya mabanda ya mbao, mna vyumba vya kuonyeshea sinema za video, ambavyo wenyeji huviita bibanda. Katika chumba kimoja cha namna hiyo ndimo sisi walimu watatu wa Kiswahili tulimopata somo tusilolitarajia.

Tulikikodi chumba hicho asubuhi ya Jumamosi ili wanafunzi wetu watazame filamu moja ya Kitanzania. Nia yetu ilikuwa wakisikie Kiswahili kisemwacho na watu wanaokizungumza nyumbani, si kile cha ubaoni peke yake. Vyombo havikuwa haba: palikuwa na televisheni pana, spika tano, sabufa iliyotikisa mabenchi, na ile redio yenye vitufe vingi ambayo wauzaji huiita hom thieta. Filamu ikaanza. Muziki ukatanda, mvua ya kwenye picha ikanyesha hata nyuma ya migongo yetu, lakini maneno yalikuwa kama ya watu wanaosemezana ndani ya pipa. Tukaomba sauti iongezwe, ikaongezeka mvua. Hatimaye msichana mmoja akatugeukia akauliza, “Mwalimu, hawa wanasema lugha gani?”

Swali hilo lilituuma, maana tulikuwa tumewafundisha watoto wale kwa muda wa miaka miwili.

Kijana mwendesha mitambo alipoambiwa, alijibu kwa adabu lakini kwa uthabiti: “Ssebo, hiyo ndiyo sauti ya kuzunguka. Watu hulipa kwa ajili yake.” Ndipo mwenye chumba, mzee wa makamo, alipoichukua rimoti akabonyeza kitufe kimoja mara mbili tatu. Mwangwi ukatoweka, na sauti za waigizaji zikasogea zikakaa katikati, chini ya televisheni, mahali pake. Wanafunzi wakaanza kucheka panapochekesha.

Alifanya nini yule mzee? Ili kulijibu swali hilo yafaa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza, Alan Blumlein, aliomba hataza ya namna ya kunasa na kutoa sauti kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Husimuliwa kwamba alichukizwa na sinema za wakati huo, ambamo mwigizaji alitembea upande mmoja wa pazia ilhali sauti yake ilibaki upande mwingine. Mwaka 1940 filamu ya Walt Disney iitwayo Fantasia ilionyeshwa kwa mitambo ya pekee iliyozitawanya sauti ukumbini, lakini gharama zake hazikuchukulika. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Dolby ilipata ufumbuzi wa werevu: sauti nne, yaani ya kushoto, ya kati, ya kulia na ya nyuma, zilifumwa ndani ya njia mbili tu, kisha zikafumuliwa ukumbini. Filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 ndiyo iliyoutangaza ufundi huo kwa umma. Mwaka 1982 ukaingia majumbani, na mwaka 1987 ukaja uliowapatia wa nyumbani spika ya kati iliyo kamili.

Jinsi ya kuzifumua sauti hizo si fumbo. Sauti iliyo sawasawa kushoto na kulia huhesabiwa kuwa ya kati, nayo hupelekwa kwenye spika ya kati. Sauti iliyopinduliwa upande mmoja dhidi ya mwingine hupelekwa nyuma. Maneno ya waigizaji aghalabu huwekwa sawasawa pande zote mbili, na kwa hiyo kati ndipo makao yao. Mtu anayeketi kwenye benchi la pembeni, ambaye bila spika hiyo angeyasikia maneno yakitoka kwenye spika iliyo karibu naye tu, huyasikia kutoka kinywani mwa mwigizaji. Lakini ipo mitindo mingine katika redio hizo, ya kuiga ukumbi mkubwa au uwanja wa michezo. Hiyo huichukua sauti, huichelewesha kidogo, na kuirudisha kutoka kila pembe kama mwangwi. Kwa ngoma na tarumbeta pengine yapendeza. Kwa maneno ni balaa, na kwa mwanafunzi wa Kiswahili ni balaa maradufu. Lugha yetu hubeba maana nyingi katika silabi fupi: ametoka na wametoka, amepa na amempa, anapika na anapiga. Mzawa wa lugha hujaziliza kwa mazoea kile kilichomezwa na mwangwi. Mwanafunzi hana akiba hiyo.

Ama suala la nani akae katikati ya sauti halikuzaliwa na redio hizi, wala halikuletwa kwetu na Dolby. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika, makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ukiongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Waligundua mapema kuwa filamu iliyochapwa sauti ya lugha moja ingekuwa bubu mara ivukapo mto. Kwa hiyo picha ilitengenezwa peke yake, na maelezo yakanaswa katika sahani za santuri, lugha mbalimbali, sahani mbalimbali. Lori la mradi lilipofika nchi nyingine, Uganda ikiwamo, picha ilibaki ile ile ikabadilishwa sahani. Sisi tunaona hapo ndipo wananchi wa Afrika ya Mashariki walipoanza kuchaguliwa mtindo wa sauti. Tuseme kuchaguliwa, kwani si wao waliokuwa wakichagua. Baada ya mwaka 1939 serikali ya kikoloni ilikuwa na kitengo chake cha filamu, na magari yake ya sinema yalifuatana na mfasiri aliyeshika maikrofoni, akizieleza picha kwa lugha ya mahali. Wajapani nao walikuwa na wasimulizi wa namna hiyo tangu enzi za filamu bubu, wakiwaita benshi, na baadhi yao walisifika kuliko waigizaji.

Mjini Kampala kumbi kubwa za sinema zilikuwa zaidi mikononi mwa Waasia, ambao Idi Amin aliwafukuza mwaka 1972. Ukumbi wa Norman, uliokuwa fahari ya mji, umekuwa kanisa tangu miaka ya 1980. Pengo hilo lilizibwa na kanda za video, na kanda zikazaa bibanda. Filamu zenyewe zilikuwa za Kiingereza, Kihindi au Kichina, na watazamaji walitaka kuelewa. Hapo ndipo alipojitokeza vijei, mtu aliyeketi kando ya televisheni na maikrofoni yake, akitafsiri, akifasiri, akitania, na mara nyingine akimpa jambazi jina la mtu anayejulikana sokoni. VJ Jingo na VJ Junior wamekuwa mashuhuri kwa kazi hiyo, na huko Wakaliga, upande mwingine wa mji, VJ Emmie ameziongezea sauti yake filamu za Isaac Nabwana, ikiwamo Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010. Dar es Salaam nako alikuwapo Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili chenye bashasha ambacho watu wa rika letu hawajakisahau.

Basi angalia kinachotokea diski ya vijei inapotiwa katika redio ya kuzungusha sauti. Sauti ya vijei imenaswa kwa maikrofoni moja, imewekwa sawasawa kushoto na kulia. Redio, isiyojua siasa wala lugha, huipeleka kati, juu kabisa ya maneno ya waigizaji. Watu wawili wanakalia kigoda kimoja. Ndiyo maana vijei hodari huishusha sauti ya filamu anapotaka kusema na kuipandisha bunduki zinapolia. Asiye hodari huwaacha wote wawili wakigombana. Hapo sauti ya kuzunguka haisaidii kitu, na mwenye chumba hufanya vema kuziacha njia mbili za kawaida.

Katika bibanda vya Kalerwe kigoda hicho hukaliwa na Kiganda, na hatuna sababu ya kulalamika, kwa kuwa ndiyo lugha ya watu wa pale. Kiswahili nchini Uganda kimetangazwa mara nyingi kuliko kilivyosikilizwa. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo halikufuatwa na vitabu wala walimu wa kutosha. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Yote hayo ni mema, ila wazee wengi wa Kampala wangali wanakikumbuka kama lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani. Mtoto hatakipenda kwa amri. Pengine atakipenda akikisikia kikichekesha, ndiyo maana tulikwenda Kalerwe.

Mwenzetu mmoja alishauri njiani kwamba safari ijayo tutafute filamu ya kigeni iliyosimuliwa kwa Kiswahili, kwa kuwa msimulizi hurudia na kueleza kama afanyavyo mwalimu. Mwingine alikataa katakata: msimulizi husema yake juu ya ya mwigizaji, na mwanafunzi hubaki na Kiswahili cha mtu mmoja. Sisi tuliobaki twaegemea upande wa huyu wa pili, ingawa si kwa nguvu. Kiswahili cha mtu mmoja aliye mahiri si haba, lakini nyumbani watu husema kwa kukatizana, nao ndio waliotupeleka kule.

Filamu ilipokwisha, yule msichana aliigiza maneno ya mama mkwe wa kwenye picha, mkono kiunoni, mpaka wenzake wakapiga makofi. Nje wateja wa saa nane walikuwa wameanza kujipanga. Tangazo la mlangoni lilisema filamu ya vita. Tulipokuwa tukimlipa mwenye chumba, tulimwona yule kijana ameiokota rimoti, anautafuta tena mtindo wake wa uwanja wa michezo.