Kitenzi na Kijineno: Historia ya Ugumu wa Vitenzi-virai vya Kiingereza katika Shule za Meru na Embu

Makala haya yanachunguza kwa nini mwanafunzi wa Meru au Embu, ambaye amekwisha kuimudu sarufi ya Kiingereza na anasoma riwaya bila kushika kamusi, bado hukwazwa na vitenzi-virai, yaani vitenzi vinavyoandamana na kijineno kama 'up', 'off' au 'out' na kuzaa maana mpya. Aghalabu huelezwa kwamba lugha za Kibantu hazina muundo huo. Tunadai kwamba maelezo hayo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili imo katika historia ya shule.

Ikumbukwe kwanza kwamba ugumu huu si wa Mwafrika peke yake. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikwisha kuutaja kuwa ndio unaowatatiza wageni kupita mwingine. Pili, Kimeru na Kiembu, kama Kiswahili, nazo hupanua maana ya kitenzi, ila huipanua ndani ya kitenzi chenyewe: 'funga' huzaa 'fungua', 'fungia' na 'fungana'. Kiingereza hukiacha kitenzi kilivyo na kuweka kijineno nje yake. Mwanafunzi basi anayo dhana tangu utotoni. Asichokuwa nacho ni kanuni ya kukisia. Ajuaye 'pika' na 'fungia' atabuni 'pikia' bila kufundishwa, lakini maana ya 'give up', kukata tamaa, haipatikani katika 'give' wala katika 'up'.

Tuingie sasa katika historia. Kiingereza cha darasani kiliingia sehemu hizi kwa mkono wa misheni: Waanglikana huko Kigari, Wamethodisti huko Kaaga, na Kanisa la Uskoti huko Chogoria kuanzia mwaka 1922. Madarasa ya mwanzo yalitumia lugha za Kiafrika. Kiingereza kiliwangoja wachache waliofika juu. Mpango wa Beecher wa mwaka 1949 uliigawa elimu katika ngazi tatu za miaka minne minne, na njia ya kupanda ikawa mtihani. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kifundishie tangu darasa la kwanza. Muda wa kujifunza ukaongezeka, bali mahali pa kujifunzia hapakubadilika: Kiingereza kilibaki lugha ya kitabu, wala hakikuingia jikoni wala shambani.

Kutokana na hayo, mfuatano wa kujifunza ulipinduka. Mtoto wa London husikia 'put off' na 'put out' nyumbani miaka mingi kabla ya kukutana na 'postpone' na 'extinguish'. Mwanafunzi wa Nkubu au Runyenjes huanza na maneno haya ya asili ya Kilatini, kisha huvipokea vitenzi-virai kama orodha ya kukariri. Mtihani wa KCSE, ulioanza mwaka 1989, umekuwa ukimtaka abadilishe neno moja kwa kitenzi-kirai, na hivyo kumzoeza kuamini kwamba viwili hivyo ni sawa. Kwake yeye, lugha nyepesi ya Mwingereza ndiyo nzito.

Hasara yake huonekana wazi katika fasihi. Anwani ya riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart (1958), ni kitenzi-kirai. Anayejua 'fall' na 'apart' mbalimbali huona vitu vikianguka kila kimoja upande wake. Kuvunjika kwa umoja wa jamii humpita. Tafsiri ya Kiswahili ya miaka ya 1970, Shujaa Okonkwo, iliiacha dhana hiyo na kumshika mhusika. Hata hivyo Kiswahili kina 'sambaratika', ambacho kiambishi chake -ik- hueleza hali iliyotokea bila kumtaja mtendaji. Swali la nani aliyeivunja Umuofia, ambalo wahakiki wamelijadili kwa muda mrefu, limo ndani ya kiambishi hicho.

Kwa kuhitimisha, mwalimu angeweza kuanzia kwenye mnyambuliko ambao mwanafunzi anaumiliki, na kumwuliza lugha yake inasemaje mahali ambapo Kiingereza husema 'fall apart'. Lakini kwa miaka mingi shule nyingi za Kenya ziliwaadhibu watoto kwa kusema lugha za mama. Zilivunja daraja, kisha zikashangaa kwamba mwanafunzi havuki.