Injini inazunguka, gari haliwaki

Nilikuwa nimeahidi makala ya hifadhidata. Samahani. Jumamosi nzima nimeshinda nimeinamia boneti ya Corolla ya mjomba, ya mwaka 1993. Ukigeuza ufunguo, stata inazungusha injini kwa nguvu, lakini haishiki. Fundi alichomoa plagi, akaziona kavu, akasema pampu ya mafuta imekufa. Mjomba akanunua pampu. Gari likakataa vile vile.

Huyo fundi si mjinga. Alitumia kipimo kilichofanya kazi kwa miaka mingi kabla yeye na mimi hatujazaliwa, na kosa lake lina historia.

Zamani injini iliwashwa kwa hendeli. Anayezungusha alihisi mgandamizo wa kila silinda mkononi mwake, kwa hiyo mkono wenyewe ulikuwa kipimo. Mwaka 1912 Cadillac ilitoka na stata ya umeme ya Charles Kettering, na hapo ndipo tatizo letu lilipopata sura yake ya leo: mashine inazungusha, wewe umekaa kitini na hujui lolote. Kettering huyo huyo ndiye aliyebuni mfumo wa cheche wa betri, koili na pointi uliowekwa kwenye Cadillac za 1910. Mfumo huo, ukiongezewa kondensa na plagi, ulitawala hadi miaka ya 1970.

Kitu cha kuzingatia ni kwamba upande wa pili kulikuwa na kabureta, na kabureta haikujua kama koili iko duniani. Pointi zikichakaa, petroli iliendelea kumiminika na plagi zikalowa. Pampu ikifa, cheche ziliendelea kuruka na plagi zikabaki kavu. Mifumo miwili isiyojuana. Kwa hiyo swali lilikuwa rahisi: plagi ikiwa imelowa, tafuta cheche, ikiwa kavu, tafuta mafuta. Ukiwa na bisibisi na karatasi ya msasa ya kusugulia pointi, Peugeot 404 ya kabureta ingekufikisha nyumbani. (Ndiyo, 404, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Wazee bado wanalizungumzia.)

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1967. Volkswagen 1600 ilipata D-Jetronic ya Bosch, mfumo wa umeme wa kupulizia petroli, na sababu kubwa ilikuwa sheria za moshi za California. Lakini D-Jetronic ilishughulikia petroli tu. Badiliko ninaloliona kubwa zaidi ni la 1979, Bosch ilipoweka Motronic ndani ya BMW 732i: kompyuta moja ya kidijitali inayoamua petroli na cheche pamoja. Kwa lugha ya kazi yetu, programu mbili huru zilianza kutegemea seva moja. Sasa zote mbili zikinyamaza, usidhani una makosa mawili. Panda juu, angalia zinapokutana.

Kuna na jambo la ujanja zaidi. Magari yalipowekewa katalisti ya kusafisha moshi, petroli isiyoungua ikawa hatari, kwa sababu huenda kuungulia humo ndani na kuichoma. Toyota wakafanya hivi: kompyuta inaagiza cheche, halafu ignaita inarudisha ishara kwamba imetekeleza. Ishara isiporudi, kompyuta inafunga petroli. Umeona mtego? Kosa liko upande wa cheche, lakini plagi zinatoka kavu! Kipimo cha kabureta kinakutuma moja kwa moja dukani kununua pampu.

California ilianza kudai magari ya 1988 na kuendelea yaonyeshe yenyewe makosa yake kwa taa, na kufikia 1996 magari mapya Marekani yalikuwa na soketi moja ya pini 16. Corolla ya mjomba imeangukia katikati. Haina soketi hiyo. Ina kijisanduku chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unaunganisha TE1 na E1 kwa klipu ya karatasi, unawasha swichi bila kupiga stata, unahesabu taa ya injini inavyomweka. Hakuna mashine, hakuna leseni, hakuna nywila. Hadi leo sijaona kiolesura kilicho wazi kuliko hicho.

Taa ikamweka mara moja, ikatulia, ikamweka mara nne. Kumi na nne: ishara ya ignaita haijarudi.

Msikimbilie kununua ignaita, lakini. Kodi husema ni habari gani imekosekana, haisemi nani kafa. Kwa mfano kodi 12 kwenye injini hii ina maana kompyuta haioni mzunguko, na inaweza kuwa sensa, au mkanda wa taimingi umekatika, maana distributa inazungushwa na kamshafti. Nikafuata waya wa ishara kutoka kwenye ignaita kwa mita. Ulikuwa umekatika karibu na betri, na alama za meno ya panya zilionekana wazi.

Nikauunga kwa lehemu. Stata ilipiga kidogo tu, injini ikashika. Pampu ya zamani bado iko kwenye boksi la ile mpya, na mjomba anauliza kama duka litakubali kuirudisha.