Kila Gesi na Hatari Yake: Tulikotoka Mafundi wa AC

Vijana wanaokuja kwangu Gerezani, Dar es Salaam, kujifunza kufunga AC huniuliza swali hilohilo: kwa nini tukae nusu saa tukivuta hewa kwa pampu, wakati fundi mwingine anapuliza mabomba kwa gesi na kuondoka? Huwajibu kwa historia. Kanuni za usalama katika kazi yetu zimefuata gesi zilizotumika, na kila gesi mpya iliondoa hatari ya iliyotangulia ikaja na yake.

Kazi hii ilianzia kiwandani. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, alichora mtambo wa kudhibiti unyevu katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, ambako karatasi zilikuwa zikitanuka na kusinyaa hadi rangi zikakosa kukaa mahali pake. Kupoza kwenyewe kulijulikana tangu karne iliyotangulia: kompresa hugandamiza gesi, gesi hutupa joto lake nje na kuwa kimiminika, kisha hurudi ndani na kugeuka gesi tena huku ikifyonza joto la chumba. Ukiugeuza mzunguko huo, mashine ileile hupasha chumba joto, na ndivyo inavyotumika nchi za baridi.

Hatari ilikuwa katika gesi zenyewe. Majokofu ya miaka ya 1920 yalitumia amonia, salfa dayoksaidi na methili kloridi, na bomba likivuja usiku watu walikufa wakiwa wamelala. Albert Einstein na Leo Szilard waliguswa na habari za vifo vya namna hiyo mjini Berlin, wakabuni jokofu lisilo na kompresa. Lakini jibu lililoshinda lilitoka kwa Thomas Midgley. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia wenzake wa Marekani, alivuta gesi yake mpya kifuani kisha akaipulizia mshumaa, ukazimika. Haikuwa sumu wala haikuwaka. Katika jamii za gesi zilizofuata ndimo ilimotoka R-22, ambayo mafundi wa rika langu tuliikuta kila mahali.

AC ya dirisha ilitoka kiwandani ikiwa imefungwa kabisa. Fundi aliibeba, akaiingiza ukutani, akaiwashia umeme. AC ya split, ambayo Wajapani waliiendeleza kuanzia miaka ya 1960, ilibadilisha kazi. Kompresa ilitolewa nje pamoja na kelele zake, feni tulivu ikabaki ndani, na mabomba ya shaba kati ya vipande hivyo viwili yakaachwa yaungwe na fundi palepale ukutani. Tangu hapo sehemu ya kazi ya kiwanda iko mikononi mwetu.

Hapo ndipo mazoea ya kupuliza yalipopata nafasi. Unafungua kidogo valvu ya bomba dogo, gesi inasukuma hewa itokee kwenye nati ya bomba kubwa, ukisikia mlio umetulia unakaza. R-22 ilivumilia mengi, na hakuna aliyeona gesi hiyo inakwenda wapi.

Wanasayansi waliona. Mario Molina na Sherwood Rowland walionya mwaka 1974 kwamba klorini ya gesi hizi inakula tabaka la ozoni. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktiki imepungua vibaya. Itifaki ya Montreal, ya kudhibiti gesi zinazokula ozoni, ikafuata mwaka 1987. Ikaja R-410A isiyodhuru ozoni, lakini mgandamizo wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa R-22, na mafuta ya kompresa zake hunyonya unyevu haraka. Hewa yenye unyevu ikibaki ndani, hutengeneza asidi inayoila kompresa. Tena gesi hiyo hupasha dunia joto mno, na ndiyo sababu mwezi Oktoba 2016 mataifa yalikutana hapa jirani, Kigali, yakakubaliana kupunguza jamii yake. Sasa tunafunga R-32, yenye athari kwa tabianchi ya takriban theluthi moja ya R-410A. Lakini R-32 inaweza kuwaka. Baada ya miaka karibu mia, moto aliouzima Midgley umerudi kwenye orodha ya hatari zetu.

Kwa hiyo nikimfundisha kijana namwanzisha na mdomo wa bomba. Likate kwa kikata bomba, si kwa msumeno. Parua kingo ukiwa umeinamisha mdomo chini, ili chenga za shaba zisiingie ndani. Ingiza nati kwanza, ndipo utanue mdomo. Kaza kwa spana ya kipimo. Kisha jaza naitrojeni, paka maungio povu la sabuni, subiri uone kama geji inashuka. Usithubutu kutumia oksijeni: ikikutana na mafuta chini ya mgandamizo, hulipuka. Baada ya hapo vuta hewa kwa pampu mpaka kipimo kitulie, maana katika utupu unyevu huchemka bila moto na kutoka wenyewe. Hayo yakikamilika ndipo ufungue gesi. AC iwe na breka yake na waya wa ethi, na anayefunga kipande cha nje ghorofani avae mkanda wa usalama. Usijaze kamwe gesi inayowaka katika mashine iliyotengenezwa kwa R-22, hata kama muuzaji anaapa kwamba inaingiliana.

Wenye nyumba nao wana sehemu yao. Bei ya ufungaji ikibanwa, kinachokatwa kwanza ni muda wa pampu na naitrojeni, kwa kuwa mteja haoni tofauti siku ile. Ndugu msomaji, kabla fundi hajafungua gesi, muulize naitrojeni yake iko wapi na pampu yake iko wapi. Kama hana, usimruhusu afungue valvu.