Supa za Japani: Jinsi ya Kudishi Poa Bila Kusota, na Maandishi ya Kujua Kabla Uguse Rafu

Kila mwaka kuna wasee wa Kenya wanaopanda ndege kwenda Japani kusoma, wengine kwa ufadhili wa serikali ya huko unaojulikana kama MEXT. Wakitua, mtihani wa kwanza huwa ni dishi. Ukila kwa hoteli kila siku, chapaa inaisha kabla mwezi ufike katikati. Ukipika kila kitu mwenyewe, masomo yanakufa. Katikati ya hizo mbili kuna supa, na supa ya Japani ina siri mbili: saa na lebo. Msee anayejua saa ya kuingia na anayeweza kusoma maandishi kama kumi hivi anakula vizuri kwa nusu bei. Asiyejua anajikuta na nyama ya nguruwe kwa sahani akidhani ni ng'ombe.

Habari njema ni kwamba jina halikusumbui. Kule wanasema "suupaa", karibu tu na vile sisi husema supa. Hii biashara ya kujichukulia vitu kwa rafu ilianza Japani mwaka wa 1953, duka la Kinokuniya lilipofungua mtindo huo mtaa wa Aoyama, Tokyo.

Jua unaingia wapi

Si kila duka la chakula ni supa. Kuna konbini, vile viduka vidogo vya 7-Eleven, FamilyMart na Lawson. Ziko kila kona na nyingi hazifungi, lakini bei iko juu. Chukulia konbini kama kiosk ya karibu na keja: unaenda ukiwa umekwama.

Kuna depachika, yaani sakafu ya chini ya maduka makubwa ya kifahari. Huko chakula kinang'aa kama vito na bei pia inang'aa. Tembea, tazama, toka.

Supa zenyewe ni kama AEON, Ito-Yokado, Life, Seiyu na OK. Halafu kuna Gyomu Super, kipenzi cha wanafunzi na wageni. Jina lake linamaanisha supa ya wenye biashara ya chakula, lakini mtu yeyote anaingia. Huko utapata pakiti kubwa kubwa, vitu vya friza na bidhaa kutoka nchi nyingi.

Bei mbili kwa kibandiko kimoja

Hesabu ya haraka kichwani ni rahisi kwa Mkenya. Miaka ya karibuni yen moja imekuwa ikicheza karibu na shilingi moja, kwa hivyo yen 100 ichukulie kama soo, na yen 1,000 kama thao.

Shida ni kwamba kibandiko cha bei mara nyingi kina namba mbili. Ile kubwa inayokuvutia ni bei kabla ya kodi. Ile ndogo pembeni, yenye maandishi 税込, ndiyo utakayolipa. Tangu Oktoba 2019 kodi ya vitu vingi ni asilimia 10, lakini chakula na vinywaji visivyo pombe vilibaki asilimia 8. Kuna mtego mdogo hapo: ukinunua chakula na kukikalia kwenye meza za kula mle ndani, kodi ni asilimia 10. Ukibeba uende nacho, ni 8.

Kwa hivyo bento ya yen 498 unalipa 537. Si pesa nyingi, lakini ukifanya hivyo kila siku bila kuhesabu, mwisho wa mwezi utashangaa.

Sozai: kibanda ndani ya supa

Kona tamu kuliko zote inaitwa sozai, chakula kilichopikwa tayari. Hapa ndipo mwanafunzi anaokolewa. Utapata:

- Bento: boksi la mchele na kitoweo, mara nyingi kati ya yen 400 na 600.
- Onigiri: mchele uliofinyangwa na kufungwa kwa mwani, ndani kuna samaki ama kitu kingine. Ndiyo smokie yao, unashika kwa mkono na kuendelea na safari.
- Karaage: vipande vya kuku vya kukaangwa. Mkenya yeyote atavielewa bila mkalimani.
- Korokke: viazi vilivyopondwa, vikapakwa chenga za mkate na kukaangwa. Binamu wa kiazi karai, ila mara nyingi huwa na nyama ya kusaga ndani.
- Tempura: mboga ama kamba waliokaangwa kwa unga mwepesi.
- Sushi na sashimi: samaki mbichi, juu ya mchele ama peke yake.

Supa nyingi zina maikrowevu ya wateja, kwa hivyo unaweza kupasha kabla ya kutoka.

Saa ya stika

Sasa hapa ndipo penye utamu. Vyakula vya sozai hupikwa vya siku hiyo hiyo, na supa haitaki kuvitupa. Kwa hivyo jioni mfanyakazi hupita na kifaa chake akibandika stika za kupunguza bei.

Mchezo huenda kwa awamu. Kuanzia saa kumi na mbili ama saa moja jioni huanza punguzo la asilimia 10 ama 20. Baadaye linapanda hadi 30. Saa moja au mbili kabla ya kufunga inakuja ile ambayo watu wote wanaingoja: 半額, inasomwa "hangaku", yaani nusu bei. Ile bento ya 498 sasa ni 249, na pamoja na kodi unalipa 268. Kila supa ina ratiba yake, kwa hivyo pita mtaani kwako jioni mbili tatu na utajua saa kamili.

Chunga hesabu zao. Wao huandika punguzo kwa sehemu za kumi. 2割引 ni asilimia 20 imetolewa, 3割引 ni asilimia 30. Ukiona 2 usidhani ni yen mbili.

Kuna adabu pia. Usimfuate mfanyakazi mgongoni kama kanga wa mat. Usishike bento mapema ukizunguka nayo ukingoja stika ifike, na usimpe mfanyakazi kitu kilicho kikapuni mwako abandike. Watu watanyamaza, lakini watakuona. Simama pembeni, ngoja abandike, kisha uchukue chako.

Na ukilipia kwa mashine, cheki kama stika ina baakodi yake. Kama ipo, skani hiyo ya stika. Ukiskani ya zamani utalipa bei nzima na jasho lako lote la kungoja limeenda bure.

Tarehe mbili zisizofanana

Kuna tarehe inayoitwa 消費期限, shohi kigen. Hii iko kwa bento, nyama, samaki na vitu vinavyoharibika haraka. Ikipita, usile, hata kama harufu ni sawa. Nyingine ni 賞味期限, shomi kigen, ambayo iko kwa noodles, biskuti, mikebe na kadhalika. Hii inakuambia tu ladha itakuwa bora hadi lini. Ikipita siku chache, chakula hakijawa sumu.

Bento ya nusu bei inakupa saa chache tu, basi nunua ya usiku huo, si ya kesho mchana.

Mayai yana mambo yake. Wajapani huyala mabichi, kwa hivyo tarehe kwenye trei ya mayai 10 inahesabiwa kwa mtu atakayekula bila kupika. Kwa samaki, tafuta 刺身用 ama 生食用 kama unataka kula mbichi. Ukiona 加熱用, hiyo lazima iguse moto. Kupuuza hayo maandishi, hasa kwa chaza, ni kujitafutia hospitali.

Kwa wasiokula nguruwe

Ikiwa wewe ni Mwislamu kutoka Eastleigh ama Mombasa, ama ni Msabato kutoka Kisii, hii sehemu isome mara mbili.

Jifunze herufi tatu. 牛 ni ng'ombe, 鶏 ni kuku, 豚 ni nguruwe. Halafu jua mtego mkubwa kuliko yote: 合挽き, inasomwa "aibiki". Ni nyama ya kusaga iliyochanganywa ng'ombe na nguruwe. Iko kwa kila friji, inafanana kabisa na ya ng'ombe, na bei yake inavutia.

Nguruwe pia hujificha. ラード ni mafuta yake, na ゼラチン ni jelatini, ambayo mara nyingi hutoka kwake. Pombe nayo iko kwa jikoni: 酒 ni sake, na みりん ni mirin, kiungo kitamu kinachotiwa kwa michuzi mingi.

Usitegemee lile boksi la mzio peke yake. Sheria inalazimisha kutaja vitu vichache tu, kama vile kamba, kaa, jozi za walnut, ngano, soba, mayai, maziwa na njugu karanga. Nguruwe hayumo kwenye orodha hiyo ya lazima, kwa hivyo soma viungo vyote. Na chakula cha kukaangwa kinachouzwa bila kufungwa hakilazimiki kuwa na lebo kabisa. Kama huna uhakika, kiache hapo.

Halali ipo lakini inatafutwa. Kwa friza za Gyomu Super utapata kuku kutoka Brazil mwenye alama ya halali, na mtaa wa Shin-Okubo, Tokyo, una maduka ya halali yaliyojaa viungo, nyama na aina nyingi za unga. Unga wa ugali kwa supa ya kawaida sahau.

Kwa wasiokula nyama yoyote, jihadhari na dashi. Ni supu ya msingi ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa samaki mkavu, na imo hata kwa mboga zinazoonekana safi.

Mchele, mboga na matunda

Usidhani mchele ni rahisi kwa sababu ni Japani. Mei 2025, kilo 5 zilivuka yen 4,200 kwa wastani, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia. Waziri wa kilimo Taku Eto akajitia kitanzi aliposema hajawahi kununua mchele kwa sababu wafuasi wake humpatia. Wananchi waliwaka, na mwezi huo huo akajiuzulu. Aliyemrithi, Shinjiro Koizumi, akatoa mchele wa akiba ya serikali moja kwa moja kwa maduka, ukauzwa karibu yen 2,000 kwa kilo 5, na watu wakapiga foleni.

Mboga ndizo zitakazokubeba. Moyashi, machipukizi ya maharagwe, ni mfuko ambao mara nyingi haufiki yen 50. Tofu nayo ni bei ya chini na ina protini. Ukikosa sukuma wiki, chukua komatsuna: katakata, kaanga na kitunguu, na roho itatulia. Kabeji huuzwa hata nusu, kwa hivyo anayeishi peke yake hatupi.

Matunda ni story ingine. Mengine huuzwa kama zawadi ya harusi. Mwaka wa 2019, pea moja ya matikiti ya Yubari ilipigwa mnada kwa yen milioni 5. Wewe shika ndizi.

Maziwa halisi ya ng'ombe yameandikwa 牛乳. Boksi lisilo na hayo maneno huenda ni kinywaji kilichochanganywa. Na ukiona "ocha", hakuna anayekurudisha kijijini. Kule ocha ni chai.

Pale kwa keshia

Maswali ni yale yale matatu: una kadi ya pointi, unataka mfuko, unataka vijiti vya kulia? Ukisikia "fukuro", ni mfuko. Tangu Julai 2020 mifuko ya plastiki inalipiwa, kwa hivyo beba wako. Jibu la kukataa kwa heshima ni "daijobu desu".

Keshia ataskani na kuhamisha vitu vyako kwa kikapu kingine. Hakupakii. Mara nyingi utalipia kwa mashine ya pembeni, kisha unabeba kikapu hadi kwa meza ya kupakia, ambako kuna vifuko vyepesi vya bure, na kwa supa nyingi barafu ya kuwekea samaki. Ukianza kupakia mbele ya keshia, foleni nzima inakwama.

Save hizi kwa simu

- 半額: nusu bei
- 2割引: asilimia 20 imetolewa
- 税込: bei pamoja na kodi
- 消費期限: ikipita, usile
- 賞味期限: ladha bora hadi tarehe hii
- 牛, 鶏, 豚: ng'ombe, kuku, nguruwe
- 合挽き: ng'ombe na nguruwe pamoja
- 生食用 na 加熱用: ya kula mbichi, ya kupikwa
- 酒 na みりん: kuna pombe

Kama una ndugu, dada ama beshte anayepaki masanduku kwenda huko, mtumie hii leo. Akifika atakuwa na njaa, na hiyo si saa ya kuanza kujifunza kusoma lebo.